Tulipofunga Vyombo Malindi

Mwezi uliopita binti yangu alihamia Chukwani, nami nikaenda kumsaidia kufunga vyombo. Ungekuwapo, mwenzangu, ungefurahi. Madirisha wazi, redio inaimba, majirani wanaingia na kutoka, huyu kabeba godoro, yule anauliza kama mapazia yanakwenda au yanabaki. Mimi nikajikuta nanong'ona. Binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona unasema chini chini, kuna mgonjwa?" Kwetu Malindi, mtaa wa mjini kisiwani kwetu, nilipokuwa msichana mdogo, vyombo vilifungwa hivyo, kwa kunong'ona.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Mjomba alikwisha kuhamia Dar es Salaam, na alimwambia baba kwamba kazi za useremala huko ni tele. Lakini kutoka kisiwani hakukuwa jambo la kuamka na kupanda meli. Ilitakiwa ruhusa, na aliyejulikana kuwa anataka kuondoka alitazamwa kwa jicho jengine. Baba akaomba kimya kimya, na kabla hajajibiwa akaanza kutengeneza makasha. "Ikitoka, tusikutwe tunatafuta kamba," alisema.

Madirisha ya upande wa njiani yakafungwa, na joto likabaki ndani pamoja nasi. Nyumba ilinuka ubao mpya. Mama alizifunga sahani kwa kanga zake, moja moja, kama anavisha watoto. Bibi, mama yake baba, alishona midomo ya magunia kwa kamba za makumbi, na sufi za mito aliyoifumua zikawa zinaelea hewani hata tukapiga chafya. Mimi nilikatazwa kucheza nje nisije nikaropoka. Nilitoka chuoni, kwenye Kurani, moja kwa moja mpaka nyumbani, na mwalimu akiniuliza habari za kwetu, nilitakiwa niseme njema, basi. Wenzangu walicheza nage uchochoroni. Nilikaa juu ya kasha nikiusikiliza mpira ukigonga ukuta, nikijaribu kukisia nani katolewa.

Ruhusa haikuja. Tulikula muhogo wa nazi kwenye sinia moja, kwa sababu sahani zilikuwa chini kabisa ya kasha lililokwisha kupigwa misumari. Sikukuu ikafika, nguo zetu nzuri zimo ndani. Mama akasema, "Tufungue moja tu, watoto wavae." Baba akajibu, "Subiri kidogo." Bibi akauliza, "Hivi mimi nnakaa nyumbani kwangu au nnakaa bandarini?"

Alasiri moja baba alirudi mapema. Akavua kofia, akakaa juu ya kasha.

"Wamekataa," alisema.

"Wametukataa sote?" mama akauliza.

"Sote. Na nimeambiwa nisirudi kuuliza."

Bibi akainuka, akaenda dirishani, akalisukuma hata likafunguka. Mwanga ukatuumiza macho.

"Mama, watu wataona," baba akasema.

"Wataona nini? Tuko kwetu."

Haukupita muda tukasikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mjane, na bakuli la visheti mkononi. Sote tuliganda. Akayatazama makasha, wala hakushangaa.

"Hamwendi tena?" akauliza kwa upole.

Mama akampokea bakuli.

"Nlijua tangu msumari wa mwanzo," jirani akamwambia. "Kila mumeo akigonga, na mimi nkishika mchi nkitwanga, ili wapita njia wasikie kinu. Siku nyengine kinu hakina kitu ndani."

Mama akalia hapo, na katikati ya kilio akaanza kucheka, na jirani akacheka naye. Kisha wakakaa chini wawili wale, baba akang'oa misumari, wao wakafungua kanga moja baada ya moja. Jioni ile tulikula kila mtu na sahani yake, na kabla kiza hakijaingia nilishatoka mbio kwenda kucheza.

Makasha yakageuzwa kabati la jikoni. Habari za Dar es Salaam hazikutajwa tena. Mimi nilikuja kwenda ukubwani, mchana kweupe, na mkoba mmoja tu. Baba alikuwa amekwisha kufariki.

Ukiniuliza ninachokikosa, si nyumba ile, ingawa sasa wanakaa wengine. Baba, kabla ya mambo haya, alikuwa kila akishika randa hupiga mluzi, na sisi watoto tulijua kazi inakwenda vizuri au vibaya kwa mluzi ule. Baada ya alasiri ile aliendelea na kazi yake, akatulea, akatusomesha, hakumkosea mtu. Lakini mluzi sikuusikia tena.