Kisiki Alichotuachia Dereva

Juma lililopita trekta liliingia tena shambani kwetu, hapa kwenye njia ya kwenda Pundanhar. Dereva ni kijana mdogo, kofia kaigeuza kisogoni, simu inaimba mfukoni. Akazima injini, akashuka, akaniamkia kwa adabu, kisha akauliza: "Mama, kuna mahali pa kuacha bila kulima hapa?" Swali la kawaida kabisa. Dereva anayejua kazi yake lazima aulize, maana mashamba yetu yamekaa miaka ya vita bila mtu, na humo kichakani huwezi kujua kuna kisima, kuna kaburi, ama kuna nini. Lakini mie nikageukia kichakani, binti yangu ananivuta kanga. Nikamwambia kijana apumzike kwanza, anywe maji. Akautupa mnyororo chini, na ule mlio wa mnyororo, rafiki yangu, ndio ulionirudisha mbali.

Nilikuwa msichana wa shikola ya msingi, nakaa na bibi mzaa mama. Shamba hili lilikuwa la mikorosho iliyopandwa na mama yake bibi, mizee, matawi yamelala mpaka chini, unaingia ndani yake unafanya nyumba. Msimu wa korosho tulishinda huku. Asubuhi tunaokota, tunafyonza mabibo mpaka utomvu unatuchubua midomo. Mchana bibi anawasha moto, anakaanga korosho kwenye kipande cha bati kilichotobolewa matundu, moshi mweusi unapanda, mafuta yanaruka, sote tunakohoa na kucheka. Jirani yetu alikuwa akikamua mabibo kwenye pipa, anasema anatengeneza sharubati. Sharubati gani ile, mtu akinywa anamwimbia mbuzi? Bibi alimpita bila kuitikia salamu zake, ila mabibo hakumnyima.

Halafu mwaka mmoja moto wa wasaka panya uliruka njia ukaingia shambani. Uliwaka mchana kutwa. Mkorosho una mafuta, ukishika moto ndiyo basi. Kilichobaki tukakikata mkaa, na shamba likawa la visiki, vyeusi, vimesambaa mpaka kule bondeni. Sisi watoto hatukuhuzunika sana, nakwambia kweli. Kila mtoto alichagua kisiki chake, huyu hapa ni dukani kwake, yule pale ni nyumbani kwake. Kimoja tu hatukuruhusiwa hata kukikalia.

Chini ya kisiki hicho alilala mtoto wa kwanza wa bibi. Alimzaa wakati wa vita vya Mreno, wamejificha humu shambani, na mtoto akafa kabla ya siku ya saba, kabla hajapewa jina. Kumpeleka makaburini haikuwezekana, njiani kulikuwa na askari. Babu akachimba katikati ya mizizi ya mkorosho, wakamlaza, wakamwombea, wakaondoka. Jina la kumtajia kwenye hitima hakuna. Jiwe la kuweka kichwani hakuna. Bibi alichokuwa nacho ni mti ule, na mti ulipoungua, akabaki na kisiki. Kila Alhamisi jioni alikuja kupafagia, akanyunyiza maji, akasoma Fatiha, na mie nimeshika kibuyu. Aliniambia aliyelala pale ni mama mkubwa wangu. Nikacheka. Mama mkubwa gani, mdogo kuliko mie? Bibi naye akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Mkubwa ni mkubwa."

Basi ikaja habari kwamba serikali imeleta trekta, litapita shamba kwa shamba, mwenye kutaka kulimiwa mahindi alimiwe. Mjomba, ndugu wa mama yangu, ndiye mwenye sauti kwenye ardhi yetu, kama ilivyo kwetu, na mjomba alitaka mahindi. Nyumba ilikuwa na midomo mingi na korosho zimekwisha. Akamwambia bibi kwamba jembe la trekta halipiti kwenye visiki, vyote itabidi ving'olewe.

"Vyote, isipokuwa kimoja," bibi akamjibu.

Mjomba habari ya mtoto aliijua, ila kisiki chenyewe hakukijua. Yeye alizaliwa nyuma, na kufagia ni kazi ya wanawake. Akasema sawa, kifungwe kitambaa ili dereva akione.

"Nifunge kitambaa! Kesho watu waje na ubani na unga, waseme hapa pana mzimu? Mwalimu wa chuo cha Kurani ataninyima salamu mpaka nife. Acha, nitamwonyesha mwenyewe."

Dereva alikuwa mtu wa bara, Mmakonde wa kule juu, Mkristo, pande la mtu, na chale za kizamani usoni. Sisi na wao ni watani, kwa hiyo hata salamu haijakwisha wameshaanza. Akamwita bibi mke wangu, akasema watu wa pwani mnakula samaki mpaka mnaota magamba. Bibi akamjibu, na nyie mnaokula panya mbona sioni mkia? Tena panya wenu ndio waliotuunguzia shamba! Yule dereva alicheka mpaka akashika gurudumu. Siku nyingi sikuwa nimemwona bibi amechangamka vile.

Nikakaa kutazama kazi yao. Utingo wake alichimba kuzunguka kisiki cha kwanza, akakata mizizi ya pembeni kwa shoka, akachanja mfereji chini kabisa ili mnyororo usiteleze. Wakautia mnyororo, wakautupia gunia lililoloweshwa maji juu yake, kwa sababu mnyororo ukikatika unaweza kumpasua mtu, na gunia linauangusha chini. Dereva akatufukuza sote nyuma. Trekta likavuta polepole, magurudumu ya mbele yakanyanyuka kidogo, kisha kile kisiki kikatoka na mizizi yake yote, na udongo mbichi ukanukia.

Ndipo dereva akamgeukia bibi. "Haya, mke wangu, chako ni kipi?"

Sasa sikiliza. Kwetu, ukinyooshea kaburi kidole, kidole kinaoza. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mtoto akisahau, anaking'ata papo hapo mpaka alama za meno zionekane, ndipo anasalimika. Mtu mzima hasahau. Bibi alitembea mpaka akapakaribia, akainua kidevu, akabenua midomo. "Kile pale," akasema. Na pale palikuwa na visiki viwili vilivyokaribiana, kimoja upande huu, kimoja upande wa kibla. Dereva alisimama ng'ambo, karibu na gurudumu kubwa. Akatazama, akaitikia kwa kichwa.

"Nimekiona. Hicho hata kuku hatakigusa."

Bibi akanishika mkono tukarudi nyumbani, kwa sababu kwetu mwanamke hasimami penye kaburi pakichimbuliwa pembeni yake. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa shamba, nyuma ya mianzi. Akaamua kuwapikia. Si chakula cha vibarua, la, chakula cha wakwe: wali wa nazi, samaki wa kuchoma, na kisamvu kilichotiwa korosho za mwisho zilizokuwa zimefichwa kwenye mtungi. Mie natwanga, yeye anakuna nazi. Kutoka kule tunasikia mngurumo unapanda, mnyororo unakaza na kulia, mizizi inakatika, pa! pa!, kisha kimya. Kila kimya kilipokuja, bibi alisimamisha mkono juu ya mbuzi ya kukunia, akasikiliza.

"Hicho si chetu," ananiambia, anaendelea kukuna.

Mngurumo mwingine. Kimya kingine. "Na hicho si chetu."

Walikuja kula wametapakaa vumbi. Dereva alinawa, akakaa mkekani, akala kwa heshima, na kabla ya kunyanyuka akasema kwa sauti kubwa mbele ya mjomba: "Kisiki chako, mke wangu, nimekizunguka kama yai. Hata mzizi mmoja haukuguswa. Utingo alitaka kukaa juu yake, nikamkemea." Bibi akamwombea Mungu amzidishie nguvu. Kisha tukaenda kutazama, sote pamoja.

Tulipotokea nyuma ya mianzi mie niliona kwanza, nikaona kabla sijaelewa. Shamba lote limepigwa wazi, na katikati kimebaki kisiki kimoja, kimezungushiwa majani mabichi kwa uzuri kabisa. Kisiki cha upande huu. Kile chetu, cha upande wa kibla, hakipo. Mahali pake pana shimo, na mizizi yake imeshaburutwa mpaka kwenye rundo pembeni, na rundo limeshatiwa moto.

Bibi alisimama ukingoni mwa shimo. Alitazama mle ndani, udongo mwekundu tu, hamna kitu cha kuonekana. Nilitaka kulia nikaogopa. Mjomba aliutazama uso wake akafahamu. Akamgeukia dereva, mdomo umeshafunguka, na bibi akamshika mkono kwa nguvu.

"Ahsante, mwanangu," bibi akamwambia dereva. Hakumwita mume tena. "Umefanya kazi nzuri."

Walipoondoka, mjomba aliwaka. Kwa nini usimwambie? Kwa nini umwache aende anajisifu? Bibi alikuwa amepiga magoti, anarudishia udongo shimoni kwa mikono.

"Amekwisha kula kwangu. Simtapishi," akasema. "Na kosa si lake. Kidole kina ncha. Kidevu hakina."

Mahindi yalistawi mwaka ule kuliko yote niliyowahi kuyaona. Pale penye shimo yalipita urefu wa mjomba. Tulichoma mabichi, tulipika makande, ugali ulikuwa mweupe na mtamu, na nyumba nzima ikanenepa. Bibi hakuyaonja. Alipika, akapakua, akatusogezea, kisha akatafuna muhogo wake pembeni. "Kuleni nyie, mie tumbo langu silielewi." Miaka yote mpaka nikaolewa, sikumwona ametia mdomoni punje ya shamba hili. Na Alhamisi akaacha kwenda. Fagio lake la shambani likaozea nyuma ya choo.

Kisha vita vikaja, hivi vya sasa, na sote tukakimbia. Sitaki kuvieleza, unavijua. Tulitembea, tukafika kambini kule kusini, tukapewa turubai na unga wa mahindi kwenye magunia. Bibi alichukua unga kiganjani, akauliza: "Huu umetoka shamba gani?" Nani angejua? Akakaa na njaa yake, tunambembeleza, anageukia upande wa turubai. Mwisho akasogea, akamega tonge, akala macho yamefumba.

"Hakuna udongo usio na mtoto wa mtu," akasema, akamega tena.

Alifia pale pale kambini. Tulimzika kwenye ardhi ya watu, nikamwekea bakuli lake la bati juu ya kaburi ili nilijue. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga, nikakuta makaburi yameongezeka huku na huku, na mabakuli yote yameokotwa, maana walio hai nao wanahitaji bakuli. Nilisoma Fatiha nimesimama katikati, sijui nimemwelekea nani. Uchungu ule bado ninao mpaka leo.

Na huku nilikorudi, nini kimebaki? Mianzi imeungua na nyumba. Jirani wa sharubati hatumjui aliko. Mjomba alitutoka njiani. Binti yangu hajawahi kuona korosho ikikaangwa kwenye bati, na nikimweleza habari ya moshi ule ananisikiliza kwa huruma tu. Kilichobaki ni kichaka, na ndani ya kichaka, nimekitafuta nikakiona, kisiki kile cha dereva wa bara. Mchwa wamekila nusu. Lakini kipo, na kwa kuwa kipo, ninajua upande wa kibla wake ni wapi.

Kijana alimaliza maji, akaja. Akakitazama kile kisiki, akakiinulia kidevu. "Tuache kile, mama?"

"Kile kiache," nikasema. "Ila penyewe si hapo."

Nikatoa mkono wa kulia kwenye kanga, nikanyoosha kidole, chote, mpaka bega likauma. "Pale. Njoo usimame nyuma yangu uone vizuri. Pale."

"Mama, kidole!" binti yangu akapiga kelele. "King'ate!"

Niliuacha mkono hewani mpaka kijana akaenda, akasimama mahali penyewe, akachomeka mti. Kisha nikamwambia binti yangu ni nani aliyelala pale. Kidole sikuking'ata.