Mama Joyline na Mbio za Tangi la Maji

Hapa Eldoret ukionekana unakimbia barabarani, hakuna anayekuuliza unamkimbia nani. Watakuuliza kambi yako ya mazoezi iko wapi. Sisi tuliokuja kutoka Bungoma na Siaya kutafuta riziki tumezoea kusimama kando na kuwapisha wenye miguu yao. Ndiyo maana siku Apiyo aliponiambia kwamba atakimbia marathoni, mimi niliyekuwa ninashona soli nilijidunga sindano kidoleni, nikamwambia kidole hicho kikioza ataniuguza yeye.

Apiyo ni jirani yangu mara mbili. Sokoni, mimi Mukhwana ni fundi wa viatu, na yeye ameketi hatua chache kutoka kwangu akiuza viatu vya mitumba, vile vya kukimbilia. Nyumbani, mtaa wa Huruma, vyumba vyetu vinatazamana katika ploti moja. Wanariadha wengi wa mji huu walivaa viatu vyake kabla ya kuanza kupewa vya bure na Wazungu. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukimbia hata kukinyesha. Mwili wake ni wa mtu anayekula vizuri na kukaa vizuri, na hana haya nao.

Lakini ukweli lazima usemwe: Apiyo alikuwa fundi wa kuanza. Shule aliiachia kidato cha pili. Ushonaji aliusomea akaufikisha kwenye kola, kisha akasema kola zinamuumiza macho. Kwaya ya kanisa aliitoroka wiki ileile ya mashindano, na sauti ya pili ikabaki yatima. Ndoa nayo aliiacha, ingawa kwa hiyo simlaumu, Okeyo nilimjua. Mimi mwenyewe aliniahidi sweta, na mpaka leo sweta hiyo ina mkono mmoja.

Sasa ana binti mmoja tu, Joyline, ambaye alikuwa mwaka wa pili katika chuo kikuu huko Kesses, akisomea takwimu. Muhula ulipofunguliwa wenzake walirudi, yeye akabaki chumbani amejifunika blanketi, akisema takwimu zimemshinda na anataka kufungua biashara ya kupaka watu rangi za kucha. Apiyo alipiga kelele ploti nzima ikasikia. Alimwambia habari za jasho lake, za mitumba kwenye jua, za bibi yake kule Siaya aliyeuza kuku. Joyline alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini sana.

"Mama, wewe umewahi kumaliza nini?"

Hata aliyekuwa anafua bombani aliacha kufua. Nimemjua Apiyo miaka mingi, na hujibizana hata na askari wa kaunti. Siku hiyo alitoka nje, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akatazama miguu yake. Niliumia kwa ajili yake, na nilijua pia kwamba mtoto hajasema uongo.

Kesho yake alikuja sokoni na habari ya marathoni. Kanisa letu liliandaa mbio kule Kesses kuchangia tangi la maji la zahanati, nusu marathoni kwa hesabu ya wenye kupima, marathoni tu kwetu sisi. Apiyo alimwambia Joyline kwamba akimaliza mbio hizo, Joyline arudi darasani. Joyline alicheka mpaka akatoka machozi, akampa mkono. Alijua anachokifanya. Kwa rekodi ya mama yake, ilikuwa sawa na kupewa ruhusa ya kuacha chuo.

Mimi nilikuwa kwenye kamati. Katika kanisa letu ukiuliza swali unapewa kazi, na mimi niliwahi kuuliza. Mwenyekiti alikuwa Mzee Kimeli, mkulima wa Kesses aliyekimbia ng'ambo katika ujana wake na mpaka sasa anatembea kama mtu aliyeachwa na basi. Wanakamati wengine ama walikuwa wamekimbia ama walikuwa wamezaa wakimbiaji. Tulibishana kwa muda mrefu juu ya rangi ya kofia, tukabishana zaidi juu ya kiti cha mgeni wa heshima, kwamba kiwe na mto au kisiwe. Ratiba yenyewe ilipita haraka. Mbio zianze saa moja asubuhi, ziishe kabla ya saa tatu, zawadi, hotuba, na saa nne na nusu mahema na viti viondoke kwa sababu vimekodishwa kwenye matanga huko Turbo.

Niliinua mkono. Niliuliza itakuwaje kwa yule ambaye saa nne na nusu bado yuko njiani.

Mzee Kimeli alinitazama bila dharau yoyote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alikuwa anataka kuelewa. "Sasa huyo," akasema, "atakuwa amepitia wapi?"

Kamati nzima ikanigeukia kusubiri jibu. Watu hawa wamezaliwa kwenye mbio, wamelelewa kwenye mbio, na katika maisha yao yote hawajawahi kumsubiri mtu. Nilijaribu kueleza kwamba kuna binadamu ambao umbali ule utawachukua asubuhi nzima. Katibu akauliza kama hao ni wagonjwa, kwa sababu ambulensi imeshapangwa. Nikaketi.

Apiyo alifanya mazoezi kila alfajiri kwenye barabara ya vumbi nyuma ya Huruma, leso kiunoni juu ya suruali ya michezo. Vijana wa kambi walimpita wakienda, wakampita wakirudi, wakampita tena wakienda kununua maziwa. Walimwambia, "Jikaze, mama," na yeye akawauliza kama viatu havijawabana. Mama yake alipiga simu kutoka Siaya kumkumbusha kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mimi nilimtania kila siku, maana sisi Waluhya na Wajaluo hatujui njia nyingine ya kupendana. Lakini wiki zilipita na hakuacha, na nikaanza kuogopa kwa niaba yake.

Siku ya mbio mgeni wa heshima alichelewa sana. Wakimbiaji walipashwa joto, wakapoa, wakapashwa tena. Alipofika alihutubia juu ya umuhimu wa kuheshimu muda. Hakuna aliyekumbuka kusogeza mbele saa ya kuondoka kwa mahema.

Mimi niliwekwa kwenye kona ya mwisho, karibu na kinu cha kusaga mahindi, nikiwa na kitambaa cha kichwa cha mke wangu kama bendera ya kuelekeza watu. Kutoka hapo mpaka uwanja wa shule, ambako mbio zilianzia na kuishia, ni mwendo mfupi. Vijana wembamba walipita mapema, hata kuwapungia sikuwahi. Baadaye wakapita walimu, kisha wauguzi, kisha mchungaji wetu akitembea huku amefumba macho ili watu wadhani anaomba. Halafu hakupita mtu. Wakapita ng'ombe. Wa meza ya maji walimwagia maua maji yaliyobaki, wakaenda kula.

Mzee Kimeli alikuja kwa pikipiki kuniambia nifunge kazi, mbio zimekwisha. Nilimwambia amebaki mtu mmoja. Akauliza kama ameumia. Nikasema hapana. Akauliza kama amepotea. Hapana.

"Sasa anafanya nini?"

"Anakimbia, Mzee."

Aliitazama ile barabara kama anayetafuta ndama aliyepotea, akatikisa kichwa, akasema atamkumbuka kwa maombi, akaondoka.

Jua lilikuwa limeshakuwa kali Apiyo alipotokea kwenye mteremko. Nyuma yake lilifuata pikapu la kuwazoa walioshindwa, likienda mwendo wa maiti. Dereva wake, Wamalwa, alikuwa na njaa na uso ulionyesha hivyo. Walioshindwa walikuwa wamekaa nyuma wakitafuna miwa na kumpa Apiyo ushauri wa kitaalamu. Leso ilikuwa shingoni, namba ya kifuani ilining'inia kwa pini moja. Hakuwa anakimbia tena. Alikuwa anaanguka mbele polepole na kila mara mguu unamwahi.

Alipofika kwangu alisimama. Wamalwa akatoa kichwa dirishani na kusema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

"Mama, panda tu. Nitakushusha hapo karibu na geti, uingie na miguu yako. Nani ataona?"

Apiyo alilishika lile pikapu kwa mkono. Nilimwona akiinua mguu, akaukanyagisha kwenye bampa. Wala miwa walisogea kumpa nafasi. Nilifikiria kola, na kwaya, na sweta yangu ya mkono mmoja, nikajisemea, haya, ndiyo hapa. Akanigeukia.

"Mukhwana, Joy yuko huko?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa kwenye kona tangu asubuhi na huenda mtoto alisharudi mjini na kila mtu. Sikutaka kumdanganya kwa jambo hilo.

Alikaa hivyo akihema, mguu mmoja juu. "Huyo mtoto alinipa mkono," akasema hatimaye, na akaushusha mguu chini. Nilipotaka kumshika kiwiko alinifokea nisimguse, watu wasije wakasema alibebwa. Nikakitupa kitambaa cha mke wangu begani, nikaenda naye kando kando, na Wamalwa akatufuata akilalamika kwa honi.

Tulipoingia uwanjani nilitaka kulia kwa hasira. Lango la kumalizia mbio, lile la kujazwa upepo, lilikuwa limelala chini kama ngozi ya mnyama. Mahema yalishapakiwa kwenye lori. Utepe haukuwepo, meza ya zawadi haikuwepo, mbuzi walikuwa wanakula maganda ya ndizi mahali pa mgeni wa heshima. Mstari wa chokaa ulikuwa umefutwa na magurudumu ya lori. Medali nazo, nilikuja kuambiwa, zilibaki zikagawiwa wapishi.

Katikati ya uwanja mtupu kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki, na kwenye kiti alikuwa Joyline. Amekunja mikono, ameikaza miguu. Mbele yake alisimama Shitanda, mwenye mahema, akimweleza kwa sauti kubwa kwamba kiti hicho ni chake, kwamba wafiwa wanamsubiri Turbo, na kwamba maiti haingoji. Vijana wa kupakia walikuwa wamekaa juu ya lori wakifurahia. Joyline alikuwa anarudia neno moja tu, kwamba hatoki.

Kisha akamwona mama yake. Hakuinuka. Alimnyamazisha Shitanda kwa kidole.

Apiyo hakuongeza kasi, kasi alishaishiwa nayo mbali huko njiani. Alikuja vilevile, na kadiri alivyokaribia ndivyo wale vijana wa lori walivyoacha kucheka. Alisimama hatua chache kutoka kwenye kiti, akaangaza macho huku na huku.

"Mstari uko wapi?"

Mzee Kimeli, aliyekuwa anakunja nyaya za spika, alipunga mkono kuonyesha uwanja kwa jumla, akasema, hapo hapo tu Mama, umeshafika. Apiyo alimwambia hakutoka mbali hivyo ili aambiwe hapo hapo tu.

"Uko hapa," akasema Joyline. "Nilikaa juu yake kabla hawajaufuta."

Aliinuka, akakisogeza kiti, na kweli chini yake kilikuwa kimebaki kipande cha chokaa, kirefu kama mkono wa mtoto. Apiyo alikitazama. Akavuta pumzi, akaurusha mguu wa kulia upande wa pili, kisha wa kushoto. Hapakuwa na tarumbeta wala picha. Mzee Kimeli alipiga makofi peke yake. Aliitazama saa yake mara mbili, akamwambia Apiyo kwa heshima kubwa kwamba tangu azaliwe hakujua mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa njiani muda wote huo. Alimaanisha kumsifu, nami nikaipokea hivyo. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Apiyo aliketi kwenye kiti, na Shitanda, pamoja na maiti wake, akasogea pembeni kusubiri.

"Si ungewaacha tu wabebe kila kitu?" akamuuliza binti yake. "Ungeshinda."

"Wangebeba, ungesema ni wao walifanya usimalize." Joyline alikuwa anamfungua kamba za viatu, uso ameuinamisha. "Nakujua, Mama. Sikutaka uwe na kisingizio."

Maneno hayo yangetoka kwa mtu mwingine, Apiyo angemrushia kiatu. Badala yake alimshika kidevu, akamwinua uso.

"Na wewe sasa huna."

Joyline alimaliza kuzilegeza kamba, akavua kiatu kimoja, akatoa changarawe zilizokuwa ndani.

"Jumatatu narudi," akasema. "Lakini usinisindikize. Nitachelewa darasa."

Apiyo alicheka mpaka kile kiti kikapinda miguu chini yake.