Wifi Yangu na Punda wa Siyu

Mwanangu, siku ile huikumbuka nikacheka peke yangu, ingawa siku yenyewe nililia. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Faza, sijatimiza mwaka tangu kuolewa. Wifi yangu Zena alitujia likizo kutoka Mombasa. Alipelekwa huko angali mdogo, na haja yake ilikuwa moja: kwenda Siyu kumwona bibi yake aliyemlea kabla ya hapo, ambaye macho yalikuwa yakimwishia. Ilibaki siku moja tu. Kesho yake alfajiri chombo kingempeleka Lamu, arudi kwao.

Kwenda Siyu zilikuwepo njia mbili. Ya punda, ukapita mashambani. Au ya mashua, ukaambaa na pwani, kisha ukaingia mkono wa bahari uliopenya kwenye mikoko. Mimi nikaona haya. Mtu aliyezoea basi na motokaa, nimpandishe punda? Nikaagiza mashua, wala sikumwuliza mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa ukumbini akisuka ukili. Akaniita kando.

"Bi arusi, maji yapwa hayo. Mkono wa Siyu haungoji mtu. Shikani ndia ya punda."

"Mama, mgeni wa mji hapandi punda," nikamjibu.

Akaendelea kusuka. Asiyesikia la mkuu, mwanangu, wajua yanayompata.

Tulipofika katikati ya mikoko, mashua ikatulia juu ya tope kama kuku aliyeatamia. Nahodha akasukuma kwa upondo mpaka akachoka, akaketi.

"Sasa ni kungoja maji yajae," akasema. "Labda jioni."

Zena akainamisha kichwa. Hapo ndipo nilipolia. Kumnyima mtu bibi yake kwa ajili ya haya yangu! Nikamweleza yote, hata maneno ya mama mkwe. Akanitazama kidogo, akavua viatu vyake vya visigino, akakunja buibui, akateremka. Tope likammeza mpaka magotini.

"Teremka, wifi," akasema, "kabla sijapotea mzima!"

Tukavutana hivyo, huyu akianguka, yule akimwinua, mpaka nchi kavu. Njiani tukamkuta mkulima mmoja wa Siyu, Bwana Kombo, anarudi mjini na punda wawili wasio na mizigo. Kabla sijafungua kinywa, Zena akamkimbilia.

"Bwana, hisani yako, tupandishe! Tangu nishuke Faza roho yangu iko kwa punda. Nimeona haya kumwambia wifi, asinione mtoto."

Kumbe sote wawili tulikuwa na haya, kila mmoja yake!

Tukaingia Siyu juu ya punda, Zena akipiga vigelegele kama anayepeleka harusi. Bibi yake akatoka mlangoni, akampapasa uso, akampapasa mikono iliyoganda tope.

"Nani huyu," akauliza, "aliyenijia na udongo wa kwetu?"

"Ni mimi, bibi. Zena."

Mwanangu, sina maneno ya kukuelezea furaha ile. Tulikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, tukaimba, na bibi hakuuachia mkono wa Zena hata alipokuwa anakula. Magharibi tulikuwa tumesharudi Faza, kwa punda wale wale. Mama mkwe alitutazama miguu, akatuletea maji ya kuoga. Maji yale yalinifunza kuliko kugombezwa.

Basi nisikilize. Siku hizi una boti za mashine na pikipiki, na wageni wanakujia kutaka kuona Kiwayu, Pate na Siyu. Usimchagulie mgeni njia kwa kuona haya ya kwenu. Mwulize moyo wake unataka nini. Kuuliza si ujinga. Kisha mwulize aliyeyajua maji kabla yako, na akikujibu, mfuate.

Mola akufungulie njia za bara na za bahari, akufikishe kwa wanaokupenda wangali hai, na akurudishe nyumbani unacheka. Amin.