Mgeni Aliyekuja Kukagua Uhitaji Wetu

Fomu ilikuwa ya Kifaransa, kurasa kumi na moja, na kabla sijafika ukurasa wa pili nilikuwa nimejibu "mimi" mara nne. Mkurugenzi ni nani? Mimi. Mwandishi? Mimi. Fundi wa mitambo? Mimi. Mwakilishi wa wafanyakazi? Nilifikiri kidogo, nikaona hakuna aliyewahi kulalamika kunizidi, nikaandika mimi. Usafiri wa shirika: miguu. Mwisho kabisa walitaka muhuri, na hapo nilikwama, maana katika nchi yetu karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga. Nilikwenda kuazima muhuri wa kwaya ya kanisa letu. Ndiyo sababu ombi langu la kwanza la msaada lilifika mjini Beni likiwa na picha ya kinubi chini yake.

Ilikuwa miaka ya vita. Niliishi na mama yangu Bulengera, pembeni mwa Butembo, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili. Baba alikuwa amefariki zamani. Mama aliuza maharagi sokoni, mimi nilirekodi kaseti. Sikuwa mwandishi wa redio yoyote, wala wa chama, wala wa jeshi, na wakati huo majeshi yalikuwa mengi kuliko redio. Niliwauliza watu wa kawaida habari za kweli za maisha yao, nikaziunganisha sauti zao kwenye kaseti moja, nikatoa nakala chache, na madereva wa malori wakazipiga njiani mpaka Oicha na Eringeti. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja wa Eringeti aliyekimbia vita mara tatu, na mara zote tatu alibeba mlango wa nyumba yake kichwani. "Ukuta nitajenga," alisema, "lakini mbao ya mulango, nani atanipasulia tena?" Dereva mmoja aliniambia abiria wake walicheka mpaka wakasahau kwamba mbele kuna kizuizi cha askari.

Shida yangu ilikuwa moja. Mashine ya kurekodi nayo ilikuwa ya kwaya, kama ule muhuri, na kwaya ilitaka irudi mwisho wa mwezi ili warekodi nyimbo zao. Nisipopata yangu kabla ya hapo, kaseti zimekwisha, narudi kupima maharagi kando ya mama. Sikuyadharau maharagi, yalinilea. Ila kila nilipojiona nimekaa pale sokoni mpaka uzeeni, na habari za watu zikinipita bila mtu wa kuzishika, machozi yalinilenga. Basi niliposikia kwamba kuna ofisi Beni inayowasaidia watu wanaosimulia habari za kweli kwa juhudi zao wenyewe, niliijaza ile fomu, nikaambatanisha kaseti zangu, na penye swali la uhitaji wangu nilieleza bila haya. Niliandika kwamba tunakalia ubao mmoja na ndoo mbili.

Jibu lilikuja kwa fonie, ile redio ya mawasiliano ya mfanyabiashara mmoja wa mjini. Alhamisi mtu wa ofisi atakuja kwa pikipiki kuona hali yangu kwa macho yake. Nilifurahi hata nikafanya kosa la kumwambia mama.

"Anakuja kuangalia nini?" aliuliza.

"Uhitaji wetu, mama."

Aliweka chini sinia la maharagi aliyokuwa akichambua. "Mutu atoke Beni, apite barrière zote zile za askari, mvua imupige, afike hapa akalie ndoo? Hapana, mutoto yangu."

"Mama, ndiyo anachokuja kuona!"

"Ule uhitaji uliandika mu karatasi, ubakie mu karatasi. Humu kwangu atautafuta mpaka achoke."

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema Waswahili. Kwetu sisi Wanande mgeni akija mwenyeji huugua wiki nzima, maana afadhali ulale njaa kuliko mgeni aone kwamba umepungukiwa. Mama alizunguka kwa majirani, na majirani walilielewa jambo lile upesi kuliko walivyowahi kuielewa kazi yangu. Jumatano mchana viti vinne vya sofa vilivuka barabara vikiwa juu ya vichwa, na vitambaa vyake vilivyofumwa kwa mkono. Mwalimu jirani yetu alileta kabati la vioo likiwa na glasi ndani. Mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka kilima cha pili, alileta saa ya ukutani na pazia jekundu. Kwaya ilituma maua ya plastiki. Ndoo zetu mbili zilifukuzwa nyuma ya nyumba.

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini na mashine mapajani. Betri zilikuwa zimechoka, nilizianika juani tangu asubuhi kama tulivyozoea, na sasa nilizijaribu kama zimepata nguvu. Nilibonyeza kitufe na mashine ikarekodi. Nilitaka kuzima, kisha nikacheka, nikaiacha iendelee.

Mgeni alifika Alhamisi adhuhuri, tope mpaka magotini. Alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye daftari lililofungwa kwa nailoni. Mama alimwambia "wasingya", yaani asante, mara tatu kwa kuja, akamkalisha kwenye sofa, akamwandalia bugali, sombe ya majani ya muhogo na kuku mzima. Majirani wote walikuwemo chumbani. Walisema wamekuja kusalimu, lakini niliona kila mmoja amesimama karibu na kitu chake.

Mgeni alikula. Aliangalia saa, akaangalia kabati, akapapasa kitambaa cha sofa. Halafu alifungua daftari na kuandika.

"Mademoiselle," alisema mwishowe, kwa huruma, "minaona hapa Mungu amewasaidia. Sisi kwa bureau tuko na batu benye hapana hata kiti."

Masikio yaliniwaka kwa hasira. Niliwakasirikia majirani, nikamkasirikia mama, nikajikasirikia mwenyewe zaidi, kwa kuwa tangu jana nilikuwa nacheka tu kizingitini. Lakini ningesema nini? Kumwambia mgeni "vitu hivi si vyetu" mbele ya wenyewe ni kumvua mama nguo hadharani.

Alipofunga daftari aliuliza kama nina kazi yoyote mpya, maana ile ya mlango waliisikia tayari. Kaseti mpya ilikuwa moja tu, ile ya jana. Nilimtazama mama, akanitazama, na sijui kama alielewa. Liwalo na liwe. Nilibonyeza.

Ikaanza sauti ya mama wa vitenge: "Pole pole! Hiyo saa ilitoka Kampala!" Ikafuata ya mwalimu, akiomba glasi zihesabiwe. Miguu, viti vikiburutwa, mtu akicheka, mtu akiuliza ndoo zipelekwe wapi. Na katikati ya yote sauti ya mama yangu, wazi kabisa: "Asione kama tuko bamasikini. Atakula, atapumuzika, atarudi na heshima yetu. Musaada ni ya kesho. Heshima, ukiipoteza leo, nani atakurudishia?"

Kaseti ilikwisha. Kisha mama wa vitenge alipasuka kwa kicheko, na chumba kizima kikamfuata. Mgeni alijifuta machozi kwa kitambaa cha sofa.

"Donc hii saa ni ya nani?"

"Yangu!" alisema mama wa vitenge.

"Na kabati?"

"Ya kwangu," alisema mwalimu, "na glasi zilikuwa kumi na mbili."

Mgeni alisimama kutoka kwenye sofa kwa adabu, kama mtu aliyegundua kwamba amekalia kofia ya mwingine. Alisema kaseti hii ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowapelekea, na kwamba angependa kuipeleka mbele ya tume inayoamua misaada. Ila ofisi yao ilikuwa na sheria moja: mtu anayesikika lazima akubali kwa kinywa chake. Wote wakaitikia palepale, mama wa vitenge mara mbili. Tukageuka kumtafuta mama, naye hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo. Hakuwa analia, lakini kitenge chake alikuwa amekikunja na kukikunjua mpaka kikawa na makunyanzi. Niliona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikaa kwenye ndoo ya pili nikamwambia anisamehe, na kwamba akisema hapana, nitaifuta kaseti sasa hivi mbele yake, na Jumatatu nitakwenda naye sokoni. Nilimaanisha.

"Batasikia batu ngapi kule Beni?" aliuliza.

"Watatu, mama. Labda wanne."

"Batajua kama viti ni vya kuazima?"

"Watajua."

"Na saa?"

"Na saa."

Kuku wa jirani walipita wakidonoa maharagi yaliyomwagika. Aliwatazama muda mrefu, halafu akasimama na kujifunga kitenge upya.

"Kuku hapana ya kuazima," alisema. "Batajua hiyo?"

Nilikumbuka ghafla: kuku aliyeliwa ndiye aliyekuwa kuku wetu wa pekee, yule aliyetutagia tangu kiangazi. Nilikuwa nimemlaumu mama kwa mambo mengi siku ile, na hilo sikuliona kabisa.

Aliingia chumbani, akapita katikati ya majirani, akainama mbele ya mashine na kuniashiria niiwashe. Akasema polepole, kwa sauti anayotumia kanisani akisoma neno: "Mimi ni mama wa huyu mutoto. Minakubali. Viti ni vya bajirani, saa ni ya jirani. Kuku ilikuwa yetu." Kisha akaanza kukusanya sahani.

Mashine yangu ilifika siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, kwenye lori la mbao, imezungushiwa gunia, na barua ya tume juu yake. Nilirukaruka barabarani kama mwehu. Mama aliacha maharagi yake, akanitaka nimsomee barua yote, neno kwa neno, nami nikamgeuzia Kifaransa chake kwa Kiswahili: wamefurahishwa na kazi, wamecheka sana, wanatoa mashine na kaseti, wanatutakia amani.

"Na kuhusu kuku?"

"Hawakusema kitu, mama."

Alirudi kwenye sinia lake.

"Basi bale batu," alisema, "hapana sikiliza mpaka mwisho."