Hesabu ya Fundi Apolinari

Fundi Apolinari wa Lipangalala alikuwa na mdomo mchafu, na hilo hata mkewe hakulibisha. Ukimwambia unataka sola ya kukuokoa umeme ukikatika, hakukuuliza una shilingi ngapi. Alikuuliza una vitu gani ndani, kila kimoja kinakula wati ngapi, kinawaka saa ngapi kwa siku. Ole wako usahau pasi, halafu uje kulalamika. Alikutukana mpaka majirani wakatoka nje.

Mwaka wa tisini na saba, mgao wa umeme ulipopamba moto, aliitwa kwa Balbina, mjane wa miezi mitano. Shemeji yake Marselino, kaka wa marehemu, alikuwa amejaa kwenye kiti pale sebuleni, anasikiliza kila neno utadhani betri inanunuliwa kwa hela yake. Balbina akataja taa tatu na redio. Apolinari akamuuliza mara tatu kama hakuna kingine, naye mara tatu akajibu hakuna. Basi akafunga paneli ya sola, betri moja na inveta ndogo ya wati mia na hamsini, ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani, akaenda zake.

Wiki haikuisha. Inveta ikawa inalia na kujizima, betri inakata roho mapema. Balbina, ambaye naye kwa maneno si haba, akamtangaza sokoni kwamba ni tapeli, kamfungia vyuma chakavu. Wateja wawili wakaahirisha. Masista, waliokuwa wamemwahidi kazi ya nyumba yao nzima, wakatuma neno asubiri kwanza. Kazi ile ndiyo aliyokuwa akiitegemea mwaka mzima. Apolinari akawaka. Akamfuata Marselino, akamwambia twende ukashuhudie mwenyewe nani mwongo.

Walifika mchana. Apolinari akafuata nyaya zake moja moja, akakuta mmoja asioujua, umepita chini ya mkeka mpaka mlango wa chumba cha ndani. Balbina akamshika mkono.

"Fundi, nakuomba," akasema kwa sauti ya chini. Akamtupia jicho shemeji yake, akatikisa kichwa.

Apolinari alielewa. Mtu asije akakudanganya kwamba hakuelewa. Mji mzima ulijua jinsi ndugu wa marehemu walivyobeba kitanda, baiskeli na cherehani matanga yalipoanuliwa, na jinsi Balbina alivyoapa mbele yao kwamba friji aliiuza kulipia dawa za mumewe. Ulijua pia kwamba watoto wake wanne wanakula kwa barafu anazouza stendi, ila kila mtu aliamini anagandishiwa na jirani. Yote hayo yalimjia kwa pamoja kichwani, na bado hakujizuia.

"Mzee Marselino, njoo uone betri inaliwa na nini," akasema, akausukuma mlango.

Friji ilikuwa imefunikwa khanga mbili. Marselino hakugomba. Aliizunguka mara moja, akaipapasa mgongoni, akaenda kutafuta mkokoteni. Apolinari akabaki anaeleza kwa sauti kwamba friji ikianza tu kunguruma inavuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake, kwamba angeambiwa ukweli angeweka betri nne na inveta ya wati elfu moja. Hakuna aliyemsikiliza. Balbina alikuwa akitoa barafu na kuzipanga kwenye beseni, nazo zilishaanza kuchuruzika.

Habari zikafika sokoni kabla ya mkokoteni. Masista wakampa kazi yao. Wiki ya pili akapita kwa Balbina, eti kukagua maji ya betri. Betri ilikuwa imejaa, inveta imetulia kimya. Akauliza, akiwa ameangalia chini, kama taa zinawaka vizuri.

"Zinawaka, fundi," Balbina akasema. "Hesabu yako haina kosa hata moja. Njoo usiku uone zinavyowamulika wanangu wakilala njaa."