Jua la Mwalimu wa Nyahururu

Juzi nilipokwenda nyumbani Lodwar, nilimwona mwendesha boda amevaa fulana ya mtumba iliyoandikwa Apricity kifuani. Nilicheka peke yangu, kisha hasira ya zamani ikanipanda.

Mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa Nyahururu kule kwenye baridi, alipenda maneno adimu. Alasiri moja aliandika mawili ubaoni. Petrichor, akasema, ni harufu ya udongo mkavu ukinyeshewa. Hiyo niliijua. Mama alikuwa akiinusa kabla hatujaona wingu, akasema, "Akiru," mvua, nasi tukakimbia kuwatoa mbuzi kwenye laga, ule mto mkavu, kabla maji hayajafika. Apricity, akaendelea, ni utamu wa joto la jua wakati wa kipupwe. Niliamini amelibuni mwenyewe. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na darasa zima lilinuka jasho na vumbi.

"Tunga sentensi," aliniambia.

"Siwezi, mwalimu. Jua letu si tamu. Limemaliza mbuzi wetu."

"Basi kapige magoti nje mpaka ulionje."

Mchanga uliniunguza magoti, jasho likaniingia machoni. Sikulia. Aliponiita ndani, aliuliza kama sasa nina sentensi.

"Ninayo," nilisema, nikaiandika ubaoni kwa Kiingereza changu kibovu: mwalimu naye apige magoti pale nje, ndipo atuambie utamu wake.

Nilirudishwa mchangani.

Siku hizi nafanya kazi Limuru, nako ni baridi, na asubuhi huota jua ukutani, nikausikia utamu huo. Neno ni la kweli. Lakini ile sentensi siifuti.