Ubeti Mmoja wa Ziada

Mimi na marehemu mume wangu tuliimba pamoja miaka kumi na mbili, yeye na zeze lake, mimi na kayamba. Vingunguti walituita "wale mke na mume", kana kwamba wengine wote mtaani walikuwa kaka na dada. Siku za kazi yeye alikuwa kiwandani, mimi nakaanga maandazi. Jumamosi tulialikwa harusini, na tawi la Chama likipata mgeni tuliitwa tumwimbie kabla ya hotuba, maana baada ya hotuba watu hulala.

Nyimbo zilitoka kwao, kusini. Kwao mpiga zeze ndiye anayeanza wimbo, lakini hawezi kuumaliza. Anayeufunga ni mwanamke anayemwitikia. Mkono ukimchoka mpigaji, hukwangua uzi kwa uta mara tatu, kwa sauti nzito. Hapo mwanamke husema, "Tua mzigo, mwenzangu, tumefika," na watu wote hujibu, "Tumefika." Asiposema, zeze halishuki. Nilipenda kumchelewesha makusudi, jasho likimtiririka, watu wakicheka. Njiani kurudi angeniuliza, "Mama watoto, hivi mkono huu wangu au wako?"

Miaka ile ya foleni za sabuni, vijana wawili wa redio walikuja na mashine ya kurekodi, wakaitega pale ofisi ya tawi. Nilivaa doti mpya ya khanga, kama vile redio ina macho. Nilijua nchi nzima itanisikia, pamoja na mashangazi zangu waliosema naolewa na mkwangua nyuzi. Tuliimba vizuri sana, sitajifanya mnyenyekevu. Kisha akakwangua mara tatu. Nilimsikia. Nikaongeza ubeti mmoja wa kujisifu, mimi na maandazi yangu, na katikati ya ubeti huo yule kijana akainua mkono.

"Mkanda umeisha, mama."

Nikamwambia aweke mwingine. Hakuwa nao.

Tulipovuka reli, mume wangu alisimama. "Wimbo ule bado unaendelea," akasema. Nikacheka, nikidhani ni utani.

Haukuwa utani. Tangu siku ile alipiga nyimbo zake zote isipokuwa ule. Harusini wakiuomba, alitikisa kichwa. Nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Hauwezi kuanzwa upya na wenyewe haujaisha." Ningemwambia tu nisamehe, mume wangu, yangekwisha siku hiyo hiyo. Sikusema. Nilikuwa na kiburi, na bado ninacho. Redio ilipoupiga, ukakatikia pale pale kwenye maandazi, yeye alitoka nje akaketi barazani, mimi nikajifanya napekua kabati.

Kifua kilimchukua kabla hatujapatana juu ya jambo hilo. Nilifika hospitali na chupa ya uji, nikakuta kitanda kimeshatandikwa upya. Uji niliurudisha nyumbani, sijui kwa nini.

Nikakaa eda. Dada yake mkubwa alihamia kwangu kutoka Ukonga, kunisaidia na kunichunga. Wifi yangu alikuwa mkali: nguo nyeupe tu, kioo kimegeuzwa ukutani, na kicheko kikisikika nje ananitazama mpaka nijute. Zeze alilifunga kwenye shuka, akalipandisha juu ya kabati.

Mwezi wa pili, alasiri, tukiwa tunachambua mchele chumbani, redio ya jirani ikaanza kulia zeze. Nilimtambua kabla hajatoa sauti.

Wifi alisimama. "Ngoja nikawaambie wazime. Watu wa mji huu hawana hata haya!"

"Waache, wifi," nikasema. "Mie naomba."

Akaketi taratibu. Tukamsikiliza mtu tuliyemzika, akiita kwa sauti nzima, na mimi nikimwitikia kwa furaha ambayo sikuwa nayo tena. Kisha zikaja zile tatu. Miaka yote sikuwahi kuzisikiliza. Ya tatu ilitetemeka. Uta ulikuwa unamponyoka mkononi. Alikuwa amechoka kweli, na mimi nikampita juu kwa juu na maandazi yangu. Niliona aibu mbele ya ule mchele. Ubeti ukakatika, mtangazaji akaanza kusoma salamu za wasikilizaji.

Najua mjane haimbi. Najua madirisha ya Vingunguti hayafichi kitu. Nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa mbovu, imekaa muda mrefu bila kazi.

"Tua mzigo, mwenzangu, tumefika."

Nikainamisha kichwa nikingoja kugombezwa. Wifi alikuwa ameshika mchele kwenye ngumi, na machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye ungo.

"Tumefika," akajibu, kwa ile sauti ya kwao. Kisha akafumbua ngumi, akaendelea kuchambua.